Tonge la Matanga

Kiongoroni,
12 Agosti 1956

Kwa Mzee Abbasi bin Mfaume, Kibiti.

Shikamoo mzee wangu. Wewe hunijui, na mimi nakujua kwa vitabu vyako vitatu tu. Jina langu ni Johari binti Huseni. Nilisoma Mohoro kwa mjomba wangu mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa huku visiwani. Hapa kijijini wanaosoma ni wachache. Mmoja wao ni Mwalimu Salumu, na ndiye anayetusomea vitabu vyako kwenye baraza ya duka la Mzee Khamisi, wanaume wamekaa mbele na sisi wanawake nyuma ya kiambaza cha makuti, tunasikia kila neno.

Katika ukurasa wa mwisho umeandika kwamba unapenda kupata maoni ya wasomaji. Basi nakuletea ya huku. Kitabu cha kwanza, cha karani aliyetiliwa sumu, watu walikipenda, ila muuaji walimjua mapema kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akichekacheka. Cha pili kiliwachosha. Treni zimezidi, na huku hakuna aliyewahi kupanda treni. Mzee Khamisi ana neno juu ya Inspekta Zaidi wako: vitabu vitatu hajaswali hata mara moja, sasa mtu kama huyo atamkamataje mwovu? Wanawake nao wanauliza kwa nini humwozeshi. Bi Tabu alisema mwanamume anayechungulia nyumba za watu namna ile hapati mke, na akipata hakai.

Lakini cha tatu, "Maiti wa Mikokoni", kimesomwa mpaka jalada limebanduka. Mwalimu akimaliza huambiwa arudie pale penye matanga, pale Inspekta anapokaa na wafiwa akawatazama wanavyokula, akamwona mmoja tonge limemkwama, akajua kuwa huyu ndiye. Umeandika kwamba hiyo ni mila ya watu wa huku delta tangu zamani, kwamba aliyeua hawezi kumeza wali wa matanga ya aliyemuua, koo hujifunga.

Swali langu ni hapo, na sina jingine. Mila hiyo umeipata kwa nani? Ni mzee gani, wa kijiji gani? Mimi nimekulia Mohoro, labda ndiyo maana sikuwahi kuisikia. Naomba unijibu upesi ukiweza. Nauliza kwa kupenda kujua tu.

Mimi mwanao,
Johari binti Huseni


Kibiti,
30 Agosti 1956

Binti yangu Johari,

Marahaba. Barua yako imenikuta kitandani, ambako siku hizi ndiko ofisini kwangu. Moyo umechoka, na miguu imejaa maji. Nilipofika kwenye maneno ya Bi Tabu nilicheka mpaka jirani akaja kutazama kama nimekata roho. Mwambie Mzee Khamisi kwamba Inspekta Zaidi anaswali, ila mimi huwa namwacha aswali kwa faragha. Kuhusu ndoa, bado namtafutia.

Maoni ya treni nimeyapokea. Hilo la karani anayecheka limeniuma kidogo, kwa sababu ni kweli.

Sasa la mila. Nimefundisha shule miaka mingi, na najua swali la msomaji makini likoje. Ujue basi kwamba siandiki jambo nisilolijua. Nimesema katika dibaji kwamba mila zote zilizomo nimezikusanya kwa wazee wenyewe wa delta, na ndivyo ilivyo. Majina yao siwezi kukutajia, ni amana. Wewe ni mgeni hapo, usione haya kwa kutoijua. Waulize watu wazima wa Kiongoroni watakuthibitishia. Afisa mmoja wa elimu amekisifu kitabu hiki kwa jambo hilohilo, akakiingiza katika maktaba za shule ili vijana wasisahau ya kwao.

Unaweza kuwasomea majirani barua hii wapate salamu zangu.

Wako mzee,
Abbasi bin Mfaume


Kiongoroni,
16 Septemba 1956

Mzee wangu Abbasi,

Shikamoo. Barua yako ilisomwa kabla haijanifikia. Kosa ni langu, ilinipasa nikueleze. Huku barua hushushwa na mashua dukani kwa Mzee Khamisi, na ajuaye kusoma huifungua akaisoma kwa sauti, kwa kuwa barua moja huwa na salamu za watu wengi. Nilikuwa shambani nikitifua udongo. Niliporudi nilikuta watu wananitazama, na mmoja wao, Shaban, akaniambia, "Umesikia? Mwenyewe kasema ni kweli."

Nilikuficha, mzee. Sasa nakueleza.

Mume wangu anaitwa Dadi. Mwaka jana yeye na Sadala, rafiki yake tangu jandoni, walikwenda mikokoni kukata boriti. Walikawia, maji yakaanza kujaa, na mguu wa Sadala ukanaswa na mizizi chini ya tope. Dadi alimvuta mpaka bega lake likatoka mahali pake. Maji yakapanda yakamfunika mwenzake naye amemshika. Alirudi peke yake mtumbwini akipiga kafi kwa mkono mmoja. Maji yalipotoka watu wakaenda kumchukua Sadala, na mguu waliukuta umo mizizini kama alivyosema. Hakuna aliyemshuku. Bi Fatu, mama yake Sadala, ndiye aliyemkanda bega.

Kwenye matanga Dadi alikaa kwenye sinia na wazee. Akakata tonge, akalipeleka mdomoni, akalirudisha. Waliomwona walimpa pole, basi.

Hayo yalikwisha, mpaka kikaja kitabu chako. Mwalimu aliposoma pale penye matanga, Shaban, binamu yake Sadala, akasema taratibu, "Mnamkumbuka Dadi?" Palepale wazee wakaanza kuikumbuka mila. Mzee Khamisi anasema bibi yake alikuwa akiisimulia. Mwingine anasema kuna mtu alikamatwa kwa njia hiyo enzi za Wajerumani. Kabla ya hapo sikusikia bibi wa mtu yeyote akitajwa. Na wanasema mguu mtu aweza kuushindilia mizizini kwa mikono.

Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi ni hitma ya mwaka ya Sadala. Wameamua Dadi atawekewa sinia peke yake, mbele ya watu wote. Likishuka tonge, yamekwisha. Lisiposhuka, Shaban anasema polisi wako Utete, na Utete ni mbali, lakini mto uko mlangoni.

Nimemwuliza Dadi kwa nini hakula siku ile. Alinijibu, "Sadala alikuwa amekufa, Johari. Ningekulaje?" Hana jibu jingine, na jibu hilo kila akilitoa wanatazamana.

Nakuuliza tena kama nilivyokuuliza mwanzo. Mila hiyo ipo?

Johari


Kibiti,
27 Septemba 1956

Binti yangu,

Nimesikitika sana kwa yaliyokufika. Mambo ya mila ni mapana, na si rahisi kuyaeleza kwa barua, hasa kwa mtu mgonjwa. Kwa sasa la haraka ni kumwokoa mumeo na fedheha. Naona afadhali aende Mohoro kwa mjomba wako kabla ya Maulidi, akae huko mpaka watu wapoe. Ama mumwendee jumbe mkamshitakie maneno ya Shaban, maana kumtisha mtu ni kosa mbele ya serikali.

Ikiwa hayo hayawezekani, mwambie anywe maji kwanza, tonge lake liwe dogo, atafune sana, na asiwatazame watu machoni.

Barua hii usiisomee mtu.

Abbasi bin Mfaume


Kiongoroni,
6 Oktoba 1956

Mzee Abbasi,

Hata barua yako hiyo ilifunguliwa. Wamesoma kuwa unamfundisha Dadi kutafuna. Walicheka, na baada ya kicheko hali ikawa mbaya kuliko jana yake.

Akienda Mohoro watasema amekimbia. Jumbe ndiye anayemwambia Mwalimu arudie pale penye matanga.

Nakueleza la nyumbani, na hii nampa Abdala wa mashua mkononi aivushe hadi Mohoro, akufikishie Kibiti mwenyewe, isipite dukani. Ugali na samaki Dadi alikuwa anakula. Tangu waseme habari ya sinia, wali hauteremki. Nikadhani akizoea nyumbani itamsaidia. Juzi nilipika, nikapakua kwenye sinia, nikamketisha, nikakaa mbele yake kama watakavyokaa wao. Akakata tonge. Akatafuna. Nikawa namtazama koo. Akaona namtazama koo, na tonge likasimama palepale. Alitafuna mpaka machozi yakamtoka, akatoka nje kulitema.

Mzee, wakati yuko nje nilijiuliza. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu anayekanyaga mwiba akainua mguu. Lakini nilijiuliza, mimi mkewe, niliyelala naye usiku ule wa msiba anaweweseka akimwita Sadala. Kwa hilo sijui kama nitakusamehe.

Ulinijibu habari ya jumbe, na ya Mohoro, na ya maji ya kunywa. Mimi nilikuuliza jambo moja. Mila ipo au haipo?

Johari


Kibiti,
12 Oktoba 1956

Haipo.

Nimeanza na neno hilo ili karatasi ikilowa njiani, hilo angalau lisomeke. Barua hii ni ya Johari binti Huseni, na ni ya watu wote wa Kiongoroni. Naomba Mwalimu Salumu aisome barazani yote, asiruke kitu.

Mila ya muuaji kushindwa kumeza wali wa matanga haipo kwenu wala kokote ninakokujua. Niliitunga mimi, nimekaa kwenye kiti chumbani kwangu hapa Kibiti. Hakuna mzee wa delta aliyeniambia. Kiongoroni sijafika. Sijavuka Mohoro maishani mwangu, na Mohoro yenyewe nilikwenda kusimamia mitihani. Mikoko naijua ikiwa boriti, kwenye dari juu ya kichwa changu. Maneno ya dibaji ni uongo. Niliyaandika kwa kuwa mpiga chapa alisema wasomaji wanapenda kitu cha kweli, nami nilipenda kuitwa mjuzi. Barua yangu ya kwanza kwa Johari nayo ni uongo. Nilikuwa nimesifiwa, nikavimba.

Mzee Khamisi, ndugu yangu, sikukanushii bibi yako. Nasema tu kwamba jambo hili hukulisikia kwake. Ulilisikia kwangu, likakaa mahali anapokaa yeye.

Sasa nieleze nilikolitoa, kwa sababu bila hilo hamtaniamini, na mimi sina nafasi ya barua nyingine baada ya hii.

Nilikuwa na mke, Mwanaharusi. Alikufa kwa homa, mikononi mwangu, asubuhi, akiwa anataka kuniambia jambo juu ya kuku. Kwenye matanga yake niliwekewa sinia pamoja na shemeji zangu. Nikakata tonge, nikalifinyanga kama kila mtu alivyofundishwa na mama yake. Lilipofika mdomoni halikwenda mbele. Nilitafuna, na kadiri nilivyotafuna lilikua. Nikainua macho, nikamwona shemeji yangu mkubwa ananitazama. Sidhani kama alikuwa na neno nami. Lakini mimi niliona haya, kana kwamba kuna jambo nimefanya. Nikajifanya nakohoa, nikalitema kwenye leso, nikaikunja.

Miaka ilipita. Nikaandika habari ya maiti kwenye mikoko. Nilikuwa na maiti, nilikuwa na muuaji, nilikuwa na Inspekta wangu asiyeswali, na sikuwa na alama ya kumtambulisha muuaji. Nilikaa siku nyingi bila kuandika. Ndipo nikaikumbuka leso ile. Ningeweza kuandika ukweli wake, kwamba mtu asiyeweza kula matangani ni mtu aliyefiwa. Lakini ukweli huo haumkamatishi mtu, na vitabu vya namna yangu ni lazima mtu akamatwe mwishoni. Basi nikamchukua yule mfiwa nikamvika damu. Niliona nimefanya kazi nzuri. Usiku ule nililala vizuri.

Mtu wa kwenye kitabu ambaye tonge linamkwama ni mimi, na mimi sikumuua mke wangu.

Johari, barua yako ya pili niliielewa yote. Nilikuandikia habari ya kutafuna kwa sababu niliogopa. Nipo mlangoni pa kaburi, na nilichokuwa nikikiogopa ni walimu niliowafundisha, watakaposikia kwamba dibaji ya mzee ni uongo. Nilipima fedheha yangu na roho ya mumeo, na kwa wiki mbili fedheha yangu ndiyo iliyokuwa nzito. Hilo ndilo ninalokwenda nalo mbele ya Mungu, vitabu ni kitu kidogo.

Leo nimemwita imamu wa hapa nikamsomea barua hii, naye ameweka sahihi yake chini ya yangu. Nimemwandikia mpiga chapa, na nimemwandikia yule afisa wa elimu. Naandika nimelala, mnisamehe mwandiko.

Bi Fatu, mama yangu, sikujui. Ulifiwa na mtoto, nami nikakuletea mtu wa kumchukia. Naomba radhi yako kabla ya ya mtu mwingine yeyote.

Msimwekee Dadi sinia. Hata mimi leo mkiniwekea, mkanitazama, halitashuka.

Abbasi bin Mfaume


Kiongoroni,
4 Novemba 1956

Mzee wangu Abbasi,

Shikamoo. Sijui kama barua hii itakukuta. Abdala anasema alikuacha unapumua kwa shida. Naandika hivyohivyo.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya hitma. Mwalimu Salumu aliifungua dukani, akasoma neno la kwanza kwa sauti, akaendelea kwa macho tu. Shaban akaitazama juu ya bega lake, akamwambia aikunje. Alisema mke amemlilia mzee wa watu mpaka mzee amegeuza maneno. Wengi walikubali. Basi siku ya pili, baada ya kisomo, Dadi aliwekewa sinia kama walivyopanga. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, na pazia lilikuwa na tundu. Alikaa ameweka mikono magotini. Wali ulikuwa unatoa moshi.

Hapo Mwalimu akasimama, akaitoa barua, na bila kuomba ruhusa akaisoma yote, pamoja na leso, pamoja na kuku. Sauti ilimkatika mara mbili. Alipomaliza, Shaban akasema, "Karatasi ya kwanza inasema ipo. Hii inasema haipo. Zote za mtu mmoja. Tushike ipi?"

Lilikuwa swali zuri, mzee, siwezi kumlaumu. Jumbe alikuwa anatazama chini. Nikaona mkono wa Dadi unakwenda kwenye wali.

Bi Fatu alikuwa kando yangu. Aliinuka, akasukuma pazia, akaingia upande wa wanaume hivyohivyo, na huku hilo halifanyiki. Akasimama mbele ya Shaban.

"Mimi sikula matanga ya mwanangu," alisema. "Tangu anazikwa mpaka tunaanua tanga, hakuna tonge lililopita hapa. Ulikuwa unanitazama mimi?"

Bi Fatu akainama, akalinyanyua sinia lile mwenyewe, akarudi nalo kwetu, akaliweka chini, akakaa kando yake akajifunika uso.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Dadi hakuulizwa tena. Shaban alimpa mkono baada ya Ijumaa iliyofuata, mbele ya watu. Nyumbani Dadi sasa anakula wali, ila anakaa ameelekea ukutani, na mimi nakaa nimeelekea mlangoni. Nilichojiuliza siku ile sijamwambia. Unajua wewe peke yako. Pale nilipoandika sijui kama nitakusamehe, sasa najua: nimekusamehe.

Uliomba maoni ya wasomaji, nami nakupa ya mwisho. Watu wanakuombea dua. Wanasema wewe ni mtu mkweli. Lakini mila hawajaiacha. Mzee Khamisi anasema uliandika jambo la kweli bila wewe mwenyewe kujua limekujia kutoka wapi, na kwamba kwa Dadi ilikosea tu kwa sababu ya ile huzuni. Wengine wanasema kama haipo, mbona kijiji kizima kinaijua? Nimebishana nao mpaka nimechoka.

Juzi alikufa mume wa Bi Tabu, kwa uzee, kitandani kwake. Nilimpenda mzee yule. Nilipoletwa huku bi harusi, sijui mtu, ndiye aliyenionyesha njia za maji na kuniita mwanawe. Nilikwenda matangani nikiwa nimelia tangu alfajiri, sina hamu ya kula. Tuliwekewa sinia, na mara mazungumzo yakakatika. Kila mwanamke alikuwa anameza na anatazama. Walinitazama na mimi.

Nikala, mzee. Nilikula mpaka chini ya sinia pakaonekana.

Mwanao,
Johari binti Huseni